Siku Tulipoifukiza Jenereta

Mwaka juzi nilikuwa saluni mjini Bariadi nikisubiri zamu yangu, umeme ukakatika. Mwenye saluni alitoka kwenda kuwasha jenereta iliyokuwa nje ya mlango, na binti aliyekuwa akinyoosha nywele za mteja akaendelea na kazi yake kwa kitana cha chuma kilichokuwa juu ya jiko la mkaa. Harufu mbili zikaniingia puani kwa pamoja, ya petroli na ya nywele zilizoungua kidogo. Nilijikuta ng'ambo ya barabara, nimesimama kando ya muuza miwa, mkoba wangu nimeuacha kitini. Mwenye saluni alinifuata huku akicheka, akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamjibu kwamba nimesikia joto tu.

Sikuweza kumweleza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba, na nikiandika hupumzika kila baada ya mistari miwili kama mtu anayebeba maji kutoka mbali. Lakini ninyi nitawaeleza, maana kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa nje kidogo ya Lalago, kwenye mji wa nyumba tatu na zizi moja. Baba yangu, Masanja, alilima pamba kama watu wote, lakini watu hawakumjua kwa pamba. Walimjua kwa sauti. Alikuwa manju wa kundi letu la ngoma, yaani yeye ndiye aliyetunga nyimbo, akaziongoza, na ngoma kubwa ya kundi ililala nyumbani kwetu, chumba cha mbele, juu ya kigoda chake yenyewe. Sisi watoto tulilala chini. Baba akisikia tumeigusa, hata kwa kisigino, alijua.

Kwa wasiojua mashindano ya ngoma ya kwetu, niwaambie. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa, makundi mawili hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Hayapokezani. Yote mawili huimba na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wanakwenda wanakotaka. Hakuna mwamuzi wala filimbi. Mwenye watu wengi jua linapoinama ndiye aliyeshinda. Ni mchezo wa kikatili sana kwa mwimbaji, kwa sababu anayekuacha anakuacha ukiwa unamwona.

Baba alikuwa ameachwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza kundi la upande wa pili lilisimamisha mlingoti mrefu, na kijana wao mmoja akapanda hadi juu, akageuka kichwa chini miguu juu, akanywa chupa nzima ya soda. Mwaka wa pili walileta spika kubwa iliyofungwa kwenye betri ya gari. Sauti ya manju wao ilitoka humo kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini ilifika mbali. Niliwaona akina mama wakiinua watoto mgongoni, mmoja mmoja, wakivuka uwanja bila kugeuka nyuma. Betri ilikufa kabla ya saa kumi, ila wakati huo sisi tulikuwa tumebaki na wakwe zetu, wazee wasioweza kutembea haraka, na mbwa wawili. Baba aliimba hadi mwisho. Aliwaimbia hao mbwa kwa heshima zote.

Utaratibu wa kundi ulikuwa kwamba manju akiachwa mara tatu, ngoma kubwa huhamia kwa mwingine. Hakuna kikao, hakuna maneno. Siku hiyo ya tatu inabebwa tu kuelekea nyumba nyingine. Kwa hiyo mwaka ule, kila tulichokifanya nyumbani kwetu, hata kupalilia, kilikuwa ni kwa ajili ya Jumamosi moja tu.

Ndio mwaka ambao wanunuzi wapya wa pamba walianza kuja na malori na mizani zao, badala ya kusubiri chama cha ushirika peke yake. Maduka ya mjini nayo yalijaa vitu ambavyo tulizoea kuviona kwenye picha tu. Baba aliuza pamba, akauza na fahali wake mwekundu, akaenda Mwanza. Alirudi baada ya siku tatu juu ya lori la mahindi, amekumbatia boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na jenereta ndogo ya petroli, nyekundu, yenye mkono wa kubebea, inang'aa hata ikawa inanionyesha meno yangu. Spika na kipaza sauti angeazimwa na rafiki yake wa mjini.

"Hii haifi saa kumi," baba alisema. Alisema hivyo tu, akaenda kunywa maji.

Kuiwasha sasa. Baba alijua ng'ombe na nyimbo, mashine hakujua. Akamwita Mjomba Sayi, kaka wa mama yangu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa injini, hadi kazi zilipopunguzwa akarudi kijijini na ovaroli mbili na vidole visivyotakata. Mjomba alikuwa mtu wa kanisani. Alikuwa mwimbaji wa bezi kwenye kwaya, na mambo ya dawa za ngoma hakutaka hata kuyasikia yakitajwa. Baba naye hakuwahi kuingiza ngoma uwanjani bila dawa. Lakini watu hao wawili walipendana. Walipendana kwa namna ya mashemeji wa kwetu, ambayo ina kupeana nafasi nyingi. Mjomba akija na mganga yupo, aliulizia hali ya ng'ombe kisha akakumbuka kuwa ana shughuli. Baba naye, siku za Jumapili, hakupiga ngoma mpaka watu watoke ibadani. Mama alikuwa akituambia, "Tazameni watu wanavyoishi. Heshima si utumwa." Nami nilitazama, nikajifunza. Nilijifunza vizuri kupita kiasi.

Alhamisi asubuhi Mjomba alifika akiwa na ovaroli yake safi. Aliniita mimi nimsaidie kwa sababu, alisema, mikono yangu ni midogo na mdomo wangu ni mdogo zaidi.

"Mayu, leo tunaivisha nguo mashine," akaniambia, maana kwetu mtoto wa kike huitwa mayu, yaani mama, kwa upendo. "Taratibu. Mashine mpya ni kama ndama wa leo. Humpi majani."

Kabla hajagusa chochote alimwambia mama azime jiko. Si kupunguza, kuzima. Mama alikuwa na maharage ya kande motoni, akanung'unika, lakini akamwaga maji kwenye kuni, na moshi mweupe ukapanda. Baba alikuwa hapo mlangoni akisikia. Kisha Mjomba alitembea kutoka jikoni akihesabu hatua hadi thelathini, mpaka karibu na kona ya zizi, mahali palipo sawasawa na peupe, akapafagia. Akaiweka jenereta pale, bomba la moshi limeelekea shambani.

"Huu moshi wake hauna rangi," alisema, "lakini ni mbaya. Usije kuiwashia chumbani hata kama mvua inanyesha. Mvua itakulowesha. Huo utakulaza."

Nilimwona akiikagua kama mtu anayenunua mbuzi. Aliondoa vipande vya mbao vilivyoishika ndani ya boksi. Alikaza nati moja moja kwa spana, na mbili alizikuta zimelegea. Akafungua kizibo kidogo upande wa chini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha kuwa ni kikavu kabisa. Mashine hizi, alisema, hutoka kiwandani na kiu, na mtu asiyejua akaivuta kamba hivyo hivyo anaiua siku ile ile aliyoinunua. Akamimina oili mpya, ya rangi ya asali, nami nimeshika mrija wa kumiminia kwa mikono miwili. Aliingiza kijiti, akakitoa, akakifuta, akakiingiza tena. Mara tatu. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa na subira hivyo mbele ya kitu kisicho hai.

Halafu petroli. Ilikuwa kwenye dumu la njano. Mjomba alitandika kitambaa cheupe mdomoni mwa tangi ili kichuje uchafu, akamimina kidogo kidogo, lakini dumu lilikuwa zito na lilikohoa, petroli ikaruka, ikamwagika juu ya tangi na kushuka ubavuni. Harufu yake iliniingia kichwani, tamu na kali, nikahisi macho yanafumba yenyewe. Mjomba hakukasirika. Alifunga tangi, akafunga dumu, akalipeleka mbali kwenye kivuli cha nyumba. Kisha akaniagiza pamba.

Kwetu kila kitu kinafutwa kwa pamba. Miguu, masufuria, damu, machozi. Nilileta pamba ya mabaki kwenye karai la mama, nasi tukafuta jenereta mpaka ikawa kavu, mimi chini, yeye juu. Tulipomaliza, karai lilikuwa nusu, na pamba yote imekuwa nzito na ya kijivu.

"Pamba hii ikishakunywa petroli si pamba tena, ni utambi," Mjomba alisema. "Kaifukie nyuma ya choo, uikanyage udongo. Halafu tuiache mashine ipumzike, harufu iondoke. Baadaye tunachimbia ardhini chuma cha kuzuia umeme usimpige mtu, tunaifunga waya, ndipo tuvute kamba."

Nililiinua karai kichwani, nikaanza kwenda.

Sikuwa nimefika hatua kumi nikawaona wageni wakiingia. Mbele alikuwa Mzee Ngasa, mganga wa kundi letu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye sisi watoto tulimwogopa bila yeye kutufanyia lolote. Nyuma yake walikuwa wapiga ngoma wawili wa baba. Walikuja moja kwa moja kwangu, maana walikuwa wanaielekea ile mashine waliyokwisha kuisikia habari zake.

Mtoto wa kike wa kwetu hasalimii mkubwa akiwa na mzigo kichwani. Anautua, anapiga magoti, anasalimia, na anabaki chini mpaka aambiwe inuka. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kunikumbusha. Nilirudi nyuma, nikalitua karai pale pale karibu na jenereta palipokuwa pamefagiwa, nikapiga magoti.

"Mwadila, guku," nikasema, yaani nikamsalimu kama babu yangu.

"Mwadila, mayu," Mzee Ngasa akajibu. Hakusema inuka. Alikuwa tayari anaitazama mashine.

Mjomba aliwasalimia wote kwa mikono miwili. Akauliza hali ya ng'ombe wa Mzee Ngasa. Akajibiwa kuwa hawajambo isipokuwa ndama mmoja anaharisha. Akasikitika kwa ajili ya ndama.

"Sasa niwaache wakubwa," akasema. "Nimekumbuka kile chuma cha kuchimbia kiko kwangu."

"Wabeja, shemeji," baba alimwambia. "Asante kwa kazi."

"Bado haijaisha," Mjomba akajibu, akavuta baiskeli yake, akaondoka bila kugeuka. Nilimwona mgongo mpaka alipopotelea kwenye mabua. Niliona pia baba akisubiri apotee kwanza, ndipo akaingia zizini.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Hakuna ngoma ya kundi letu iliyowahi kutoka nyumbani bila kufukizwa. Ngozi ikishawambwa, kabla fimbo haijaigusa, mganga huizungushia moshi wa dawa ili ikilia ivute watu. Kwa baba, jenereta ilikuwa ngoma. Ndiyo iliyokuwa inakwenda kutoa sauti yake uwanjani, na asingethubutu kuipeleka bila dawa kwenye mwaka wake wa mwisho. Na moto wa kufukizia hautoki jikoni kwa mwanamke. Unakokwa zizini, kwa mavi makavu ya ng'ombe. Kwa hiyo wakati mama anazimwagia maji kuni zake, moto mwingine ulikuwa tayari unaiva polepole nyuma ya uzio wa miiba, na harufu yake ilikuwa ile ile ya zizi ya kila siku, hata Mjomba asingeweza kuitofautisha.

Baba alitoka na kigae cha chungu kilichojaa makaa mekundu. Alikishika kwa majani mabichi ya mgomba. Mzee Ngasa akanyunyiza unga wa mizizi juu yake, moshi mzito wa samawati ukapanda, na wapiga ngoma wakavua kofia.

Nilikuwa bado magotini. Karai lilikuwa mbele yangu, hatua mbili tu. Nilijua. Sitaki kuwadanganya kwamba sikujua, kwamba nilikuwa mtoto. Neno lile la utambi lilikuwa bado masikioni mwangu. Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa ikiingia, na nakumbuka ulimi ukikauka. Mtu anaongea na wakubwa akiulizwa, na mimi sikuwa nimeulizwa. Nikadhani labda Mzee Ngasa anajua. Nikadhani baba alimsikia Mjomba, kwa hiyo baba anajua. Nikadhani nikihesabu mpaka tano mtu mwingine atasema.

Baba alizunguka mara ya kwanza. Alizunguka mara ya pili. Mara ya tatu aliinama ili moshi upite chini ya tangi, akapuliza makaa, na cheche moja, ndogo kama mbegu ya mtama, ikadondoka ndani ya karai.

Nilikuwa nimewahi kuona moto ukianza. Unaanza mdogo, unakua. Huu haukukua. Haukuwepo, halafu ulikuwepo wote, mrefu kuliko baba, na ulitoa sauti kama ya blanketi zito likikung'utwa. Joto lilinisukuma nikaanguka kwa mgongo. Nyusi zangu ziliungua, na harufu yake ndiyo ile niliyoisikia saluni. Moto ulipanda kutoka karai hadi ubavu wa jenereta, na rangi nyekundu ikaanza kutoka mapovu mbele ya macho yangu.

Wapiga ngoma walikimbia. Siwalaumu. Mzee Ngasa alirudi nyuma akakaa chini, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoijua. Baba hakukimbia. Alitupa kigae, akaikumbatia jenereta kwa mikono miwili, akaivuta kuiondoa motoni. Aliivuta ikiwa inawaka. Sikusikia akilia. Nilisikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si hii. Si hii. Si hii."

Mama ndiye aliyemwangusha. Alitoka jikoni na beseni la majivu aliyokuwa amezoa, akamwagia yeye na mashine kwa pamoja, kisha akampiga bega akamtoa. Mjomba alikuwa amekwisha kuuona moshi akiwa njiani. Alirudi amekanyaga baiskeli kama mwehu, akafukia moto kwa mchanga kwa kutumia jembe, akifukia hata baada ya moto kwisha, akifukia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mikono ya baba, kuanzia viwiko kushuka, sitaielezea. Ilitosha kwamba mama alipoitazama alivua kanga yake na kuifunika, kama inavyofunikwa maiti.

Alipelekwa zahanati kwa baiskeli ya Mjomba, na kutoka hapo hospitali. Jumamosi kundi lilikwenda uwanjani likiongozwa na kijana mmoja mwenye sauti nyembamba. Sikumwuliza mtu nani alishinda. Jioni nilikaa mlangoni nikisubiri ngoma kubwa irudishwe, na haikurudi. Asubuhi kigoda chake kilikuwa bado kitupu. Mama akakichukua, akaanza kukikalia jikoni.

Mzee Ngasa alisema moto ule ulitumwa na kundi la upande wa pili. Watu wakakubali mara moja, maana cheche ndogo vile haiwezi kuzaa moto mkubwa vile. Na wale wa upande wa pili, mtanisamehe nikicheka, hawakukana. Walikuwa wakitikisa vichwa na kusema tu kwamba mambo ya ngoma ni mazito. Nadhani walipenda kupewa sifa ya moto wasioujua.

Baba aliporudi, mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni, na ilikaa hivyo kwa muda mrefu. Hakuweza kula mwenyewe. Mama alitaka kumlisha, lakini Mjomba alikuja asubuhi ya kwanza, akanawa, akakaa kwenye mkeka mbele ya shemeji yake, akakata tonge la ugali, akalichovya kwenye mlenda, akampelekea mdomoni.

Ninyi wa kwetu mnajua jambo hilo lilivyo. Shemeji halishi shemeji. Baba alilitazama lile tonge muda mrefu. Kisha akafungua mdomo.

Mjomba alikuja kila siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili kabla ya kanisa. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya bei ya mbegu na ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Juu ya moto hawakuzungumza. Mimi nilikuwa nikiwaletea maji ya kunawa, nikisubiri siku moja mmoja wao aniulize lile karai lilifikaje pale. Walikuwa wameliona. Lilibaki limepinda kando ya zizi mpaka masika. Hakuna aliyeniuliza, na nikaamini kwamba wamenisamehe kimyakimya, au kwamba wananichukia kimyakimya. Kwa mtoto hakuna njia ya kujua.

Miaka ilipita. Nilikwisha kuolewa nilipokwenda kumsaidia baba kupukuchua mahindi, kwa sababu vidole vyake viwili havikukunjuka tena. Tulikuwa wawili tu. Akasema bila kunitazama:

"Mjomba wako alisema moto uzimwe. Nilimsikia. Nikaenda kukoka wangu zizini nimemficha, kwa kuwa sikutaka kumkwaza. Usije ukamwambia. Atadhani nilimdharau."

Nilikuwa na gunzi mkononi, nikaendelea kulipukuchua ingawa punje zilikuwa zimekwisha kutoka.

Haukupita mwaka, Mjomba alinisindikiza hadi kituoni, akabeba mzigo wangu. Tukiwa tumesimama tunasubiri gari, akasema:

"Nilijua mganga amefuata nini. Nilijua wana mambo yao ya moto. Ningesema neno moja tu, jamani hapa kuna petroli. Niliona aibu kuwaingilia. Baba yako asijue, mayu. Yeye anadhani ni kazi ya wale wa upande wa pili, na mwache adhani hivyo."

Gari lilikuja, nikapanda. Nilikaa dirishani nikimwona akipunga mkono, na nilipigwa na butwaa kuliko siku ile ya moto. Siku ile niliona kitu kinawaka. Sasa nilikuwa ninaona kwamba kiliendelea kuwaka miaka yote hiyo ndani ya watu wawili wanaolishana, kila mmoja akijiona yeye peke yake ndiye aliyekiwasha, kila mmoja akimkinga mwenzake asijue.

Na mimi nilikuwa katikati nimeshika siri zao mbili, na ya kwangu ya tatu.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba sisi watatu tulikosa kwa namna moja, yaani kwa adabu. Sasa sidhani. Wao walinyamaza kwa ajili ya mwenzao. Mimi pale magotini sikuwa ninamheshimu mtu, nilikuwa ninaogopa tu, na kwa kuwa nilikwisha kufundishwa kupiga magoti, hofu yangu ilionekana kama malezi mema. Nilipokuwa mtoto sikujua kuvitofautisha. Mama alinisifu siku zote kuwa nina heshima. Sifa zote hizo ningezitoa ili siku ile awepo mtoto mmoja mjeuri wa kupiga kelele, mikono ya baba yangu ikabaki mizima.

Wazee hao wote wawili wako hai. Baba hakupata kusoma. Mjomba ndiye anayesoma, na kila karatasi inayoingia mji ule, iwe ya shule au ya serikali, yeye ndiye anayemsomea kwa sauti, wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Hii nayo nitawapelekea. Najua itakuwaje. Mjomba atavaa miwani, ataanza kusoma taratibu kama anavyofanya kila kitu, na akifika kwenye maneno ya kupukuchua mahindi atasimama, na baba atamwuliza kwa nini amesimama.